Kwa Nini Donatien Halali

Asubuhi ile pale Kadutu, mtaa wa kilimani juu ya ziwa, kwenye benchi la maman Cibalonza muuza kahawa, walikuwapo wale wale: Koplo, aliyepigana Abisinia na mpaka leo huagiza kahawa kama anayetoa amri, Gazeti, dereva wa lori, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, na Papa Bisimwa, seremala, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha. Mwanawe Donatien, kijana aliyefanya kazi kwa mchapaji, alikuwa halali tena. Alizunguka chumbani akijibu watu wasioonekana, na hospitali alikataa katakata. Bisimwa, kwa kuogopa kumwacha peke yake, alikuja naye. Kijana alikaa nyuma ya benchi, juu ya rundo la mbao.

— Ni kengele ya misheni, Gazeti akaanza. Inaingia mu kichwa, inakosa pa kutokea.

— Kengele gani? Kule Abisinia nilionaka askari mwenye hakulala mwezi muzima. Tukamufunga buti ku kitanda. Akalala!

— Yeye ao buti?

— Nyamaza, Gazeti!

Bisimwa akaguna.

— Haiko kulala tu. Anasema batu banamuongelesha.

— Mu Kifaransa? Gazeti akauliza.

— Sijue.

— Kama ni Kifaransa, ni radio! Si walimuzibaka jino? Ile chuma ya jino inashika Léopoldville.

— Basi afungue kinywa, tusikilize muziki, akasema Cibalonza.

— Wapi! Ni gazi ya ziwa, Koplo akaapa. Inapanda kilima, inatafuta kijana mwenye akili. Gazeti, weye inakupita tu.

Bisimwa akacheka, kisha akaona haya. Alikwisha jaribu majani, maji ya baraka na makaripio. Moyoni alitamani liwe jino kweli, maana jino hung'olewa.

Hapo akafika dada yake mkubwa, Rosalie, kutoka Kavumu, kikapu cha maharagwe mgongoni. Akakitua, akasikiliza kidogo.

— Bisimwa, mutoto mwenyewe anasema ni nini inamukataza kulala?

Koplo akamgeukia Gazeti. Gazeti akamgeukia Bisimwa.

— Iko hapa nyuma yenu, na hakuna mwenye alimuuliza? Rosalie akasema.

Bisimwa akainuka, akachuchumaa mbele ya mwanawe.

— Donatien, juu ya nini haulali?

Kijana akasugua macho mekundu.

— Banasema nikifunga macho, papa, utakufa. Basi ninakuchunga.

Mara ngapi Bisimwa alimfokea alale, na kumbe mtoto alikuwa amesimama zamu kumlinda!

— Na weye, nani anakuchunga?

— Hakuna.

Koplo akasimama wima.

— Mu jeshi hakuna sentineli anasimama bila kubadilishwa. Leo zamu ni yangu.

— Utasinzia, Koplo, kijana akasema.

— Miye? Muulize nani unataka!

Rosalie akatandika kitenge juu ya mbao. Donatien akajilaza, akafumba jicho moja, akimkodolea babake kwa la pili. Kisha nalo likashuka. Gazeti akafungua kinywa. Cibalonza akamwonyesha mwiko, naye akakifunga.

Jua lilikuwa limepanda Donatien alipoamka. Alimtafuta babake kwanza.

— Uko, papa?

— Niko.

Akamtazama sana, akamgusa mkono.

— Basi twende kwa huyo munganga wa hospitali.

Dawa za daktari zilichukua majuma kuzipunguza zile sauti, na hazikuisha zote. Lakini siku ile waliteremka kwenda hospitali wote sita, Cibalonza akiwa ameacha kahawa motoni, na njia nzima hakuna aliyetaja tena kengele, jino wala gazi.