Resorti fupi za Lévi

Mimi nasikia siri hata ikinong'onwa ng'ambo ya kilima. Ila siku moja ya vita, mu teksi ya kutoka Walikale, nilikuwa nimekaa katikati ya wasemaji.

"Yesu Maria! Gari inakwangua mawe na tumbo!" alishtuka Papa Théophile, fundi wa magari. "Nani anashusha gari ya zamani hivi mu barabara ya Masisi?"

"Niliweka resorti fupi na amortisa ngumu, Papa," akajibu Lévi, dereva, akimaanisha springi na shokamzoba. "Njo mutindo ya Goma."

Kwenye bariere ya Sake, askari waliokuwa wakisaka kasiterite ya magendo, yale mawe mazito ya bati, wakashusha magunia matano toka nyuma. Gari ikainuka yenyewe, kama mwanamke aliyetua kuni.

"Alaa! Kaka Lévi," akauliza Papa Théophile, "resorti zako zimerefuka lini?"