Viberiti Kumi na Saba Mezani

Marehemu mdogo wetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa sita na kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule mwaka 1968, akahitimu chuo katika hesabu mwaka 1984, na tarehe 3 Aprili 1985 akaajiriwa hospitali kuu, kitengo cha kompyuta.

Nyumbani tulidhani kazi yake ni kuandika programu, kumbe, kama alivyomweleza kaka yake mkubwa, aliyeandika historia hii na ambaye hakuelewa siku ile wala hajaelewa vizuri hadi leo, sehemu kubwa ya siku aliitumia kusoma zilizoandikwa na watu waliokwisha kuondoka kazini, akijiuliza walikuwa wakiwaza nini.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na mwalimu wa jiografia, wakajaliwa binti mmoja, ambaye utotoni alizoea kusema, "Mama, mwache, baba anacheza tena," kwa kuwa marehemu alipanga viberiti vitupu mezani, kila kimoja kikiwa na jina la kitu ambacho programu hukikumbuka na ndani yake kikaratasi chenye namba, kisha akafuata maandishi ya programu kwa kidole, mstari kwa mstari, akibadilisha vikaratasi kana kwamba yeye ndiye kompyuta.

Alistaafu mwaka 2021, lakini Agosti 2023 aliitwa tena, kwani programu ya kupanga zamu za wagonjwa wa kusafishwa damu ilikuwa ikiwaruka baadhi yao, na hakuna aliyejua kwa nini, naye akapanga tena viberiti mezani sebuleni ili kuifuata. Tarehe 2 Oktoba moyo ulimsumbua, akalazwa, akafariki asubuhi ya tarehe 6, akiwa amemwambia mkewe kwamba amebakiza hatua moja, meza ibaki ilivyo.

Ujumbe huo haukumfikia kaka yake, ambaye siku hiyohiyo, akitafuta nafasi ya viti vya waombolezaji, alishangaa mtu mzima kuweka takataka sebuleni, akavizoa viberiti vyote kumi na saba akavitia kapuni. Mama mmoja aliyefanya kazi na marehemu alifika, akauliza, "Shikamoo mzee, ile meza yake iko wapi?" akaonyeshwa kapu, akakaa chini akaanza kuvitoa kimoja kimoja.

Tangu hapo mama huyo na binti wa marehemu wanavipanga upya kuanzia mstari wa kwanza, kaka akipewa kazi ya kushika kiberiti kimoja na kusema kilichomo, bila kujua anasema nini, na leo asubuhi walikuwa hawajafika alipoishia marehemu.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuazima viti, na wauguzi wanaoandika zamu kwa mkono ili mgonjwa asirukwe.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, meza imerudi mahali pake, na safari hii kaka yako ndiye anayeilinda.