Mama Pazia na Benchi la Dirishani

Tarehe 30 Juni, Mama Pazia, fundi wa maabara yetu ya kemia, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Aliajiriwa kuosha vyombo. Mwaka wa pili alikuwa akiandaa majaribio yote. Aliwahi kumnyang'anya mkuu wa shule bika ya maabara aliyoinywea chai, na mkuu akaomba radhi.

Jina lake alilipata kwa haki. Alkeni ni kampaundi yenye kifungo maradufu kati ya atomi zake za kaboni: ukiitilia maji ya bromini, kifungo kimoja hufunguka na kuidaka bromini, na rangi ya kahawia hutoweka papo hapo. Alkani, ndugu yake yenye vifungo vya mojamoja tu, haina nafasi hiyo, kwa hiyo rangi hubaki. Lakini jua likiipiga, hata alkani humenyuka na bromini polepole, rangi ikapauka. Ndiyo maana kabla ya jaribio hilo alifunga pazia mwenyewe, na aliyeligusa alikiona cha mtema kuni.

Mwaka wake wa kumi na mbili, alilichukua pazia kwenda kulifua ili wasimamizi wa mtihani wakute maabara safi. Asubuhi ya mtihani, uliokuwa na jaribio hilohilo la bromini, lilikuwa bado bichi. Mbingu ilijaa mawingu, akaona hakuna neno. Saa nne jua likatoka. Watahiniwa wanane wa benchi la dirishani waliona testityubu zote mbili, ya alkeni na ya alkani, zikipoteza rangi, wakaandika kuwa zote ni alkeni. Kwa jibu hilo wangefeli.

Wakati huo alikuwa amependekezwa kupandishwa cheo. Mwalimu mmoja alimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Hakufunika. Aliwaandikia wasahihishaji barua kwa mkono wake, akaeleza jua, pazia na uzembe wake. Wanane wale wakapewa alama kwa walichokiona. Cheo kilikwenda kwa mwingine, naye alikingoja miaka sita.

Mwandishi wa wasifu huu ni mmoja wa wale wanane, na leo anafundisha alkeni katika chumba kilekile. Nakala ya barua hiyo aliikuta mwaka jana kwenye faili la zamani, akalia. Miaka yote hiyo Mama Pazia hakuwahi kuitaja.

Wiki hii amelifua pazia kwa mara ya mwisho, na safari hii limetundikwa kavu.

Mama, asante kwa barua. Tunakuombea mapumziko mema, na huko nyumbani madirisha uyaache wazi, jua liingie.