Mwalimu Eunike Elifuraha Nnko, Aliyefuga Inzi ili Tuielewe Dawa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Poli, mimi ni Sadoki, mdogo wake marehemu. Ni yeye mwenyewe aliyeagiza wasifu wake niusome mimi. Najua wapo walioguna, maana wengi wenu mnaujua ugonjwa wangu wa akili. Nitasoma taratibu.

Mwalimu Eunike alizaliwa tarehe 4 Septemba 1955 hapa hapa Poli, Meru, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Elifuraha Nnko na mama yetu Tabea. Tulikuwa wawili tu. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri. Tangu utotoni alikuwa mdadisi wa kuudhi. Mama anasimulia kwamba siku moja alimpasua kuku aliyechinjwa kwa ajili ya wageni ili aone mayai yamepangwaje ndani, na wageni wakasubiri mchuzi mpaka saa tisa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akasoma sekondari mjini Arusha, na mwaka 1979 akahitimu ualimu wa sayansi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia 1980 alifundisha baiolojia katika shule ya sekondari kule Themi, mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu Sylvanus Massawe wa Kibosho. Kwa kuwa shemeji ni Mkatoliki, wazee wa pande zote mbili walinuna, wakapoa alipozaliwa Agnela. Baadaye akaja Prosper.

Mwaka 1987 nilianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Hospitali ilinipa vidonge, sauti zikapungua. Dada hakutosheka. Alitaka kujua vidonge vile vinafanya nini kichwani mwangu, na kwa kuwa kichwa changu hakifunguliki, alipokwenda kusoma shahada ya uzamili, 1990 hadi 1992, aliwachagua wale inzi wadogo wanaozagaa kwenye ndizi mbivu. Alitueleza kwamba ubongo wa inzi ni kama chembe ya mchanga, lakini unatumia kemikali ileile, dopamini, ambayo dawa yangu inaizuia. Aliporudi nyumbani kwao na shemeji, Moshono, aliendelea kuwafuga jikoni. Shemeji aliwaambia wageni kwamba alioa mke mmoja, akaletewa pamoja naye inzi elfu mbili.

Miaka hiyo maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa kila kona, na vidonge tulivyovifuata hospitali vikawa vinapatikana kama sukari. Mwaka 1995 nilianza kukakamaa. Nilitembea nikiburuta miguu, mate yalinitoka, vifungo vya shati vilinishinda. Mama akaona ugonjwa unazidi, akanunua vidonge zaidi na kuniongezea. Nikazidi kukakamaa, naye akazidi kuniongezea. Baba mkubwa Anaeli akaitisha kikao cha ukoo. Alisema ni mkono wa mtu, dawa zitupwe zote, nipelekwe kwa mganga.

Dada alifika kikaoni na chupa mbili za inzi. Wa chupa ya kwanza aliwalisha ndizi tupu. Wa chupa ya pili, ndizi iliyochanganywa na vidonge vyangu. Akazigonga chupa mezani. Wale wa kwanza wakapanda kioo mara moja. Wa pili wakabaki chini wakijikokota.

“Shikamoo, baba mkubwa. Na hawa nani kawaroga?”

Mzee alisogeza miwani. “Marahaba. Umewapa nini?”

“Dawa ya Sadoki, nyingi kupita kiasi. Kama inzi anasikia sauti, hilo siwezi kujua. Ila miguu yake naiona. Hii dawa inatuliza kichwa, ikizidi inashika na miguu. Tusiitupe. Twende kwa daktari aipime upya.”

Mama alilia. “Kumbe ni mimi niliyemfunga mwanangu?”

“Hapana, mama. Hakuna aliyekueleza,” dada alimjibu, akamshika mkono.

Daktari alipunguza dawa. Baada ya wiki sita nilivaa shati mwenyewe nikaenda kanisani kwa miguu yangu. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo, na hilo linaniuma.

Agosti 2002 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam, akarudi nyumbani Moshono, nami nikahamia huko kumuuguza pamoja na Agnela. Kila asubuhi nilimpelekea uji, naye kabla ya kuugusa aliniuliza, “Umekunywa dawa?” Nikijibu bado, haunywi mpaka nimeze kwanza. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2003, saa mbili asubuhi, uji ukiwa bado wa moto. Hata asubuhi ile alikuwa ameniuliza.

Ameacha mama yetu Tabea, mume wake Sylvanus, watoto wake Agnela na Prosper, wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja, na mimi.

Dada Eunike, leo asubuhi hakuna aliyeniuliza. Nimekunywa. Pumzika.