Kwaheri ya Mama Matone, Aliyeisaka Saratani Katika Damu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Matone anastaafu kutoka maabara yetu ya saratani. Wazazi wake walimpa jina lingine zuri tu, lakini hapa kazini ukilitaja watu watakuuliza ni nani huyo.

Alianza chumba cha vinyama. Huko kipande kilichokatwa kwenye uvimbe wa mgonjwa hugandishwa kwenye nta, kikachanwa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha daktari akakitazama kwa darubini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ila moyo haukutulia. Kila daktari alipotaka kujua kama dawa inafanya kazi, mgonjwa alirudishwa kwenye sindano ndefu au kisu. Wengine walikataa katakata, na nani angewalaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ndipo ikaja njia mpya. Seli za uvimbe zinapokufa humwaga vipande vya vinasaba vyake kwenye damu, mkojo na maji mengine ya mwili. Ukivipata, unaweza kuufuatilia uvimbe bila kuugusa. Mama Matone, ambaye tayari alikuwa na wajukuu, alijiandikisha mafunzoni pamoja na vijana waliomwamkia shikamoo kila asubuhi.

Mwanzoni mambo yalikwenda kombo. Damu ilikaa wodini hadi seli zake zenye afya zikapasuka, na vinasaba vyake vikavifunika vile vichache vya uvimbe. Mama Matone akazunguka wodi zote kufundisha. Muuguzi mmoja alipomkabidhi chupa huku akiitikisa kwa nguvu, alimwambia, "Mwanangu, tikisa kabla ya kutumia ni ya dawa ya kikohozi! Hilo tone lina mwenyewe, na anatusubiri." Wauguzi walicheka, wakambatiza jina, na damu ikaanza kufika kwa wakati.

Halafu zamu ikawa ya nyumbani kwake. Mumewe alikuwa ametolewa uvimbe kwenye kibofu, na daktari akaagiza mkojo wake upimwe mara kwa mara. Mzee akadhani amepata upenyo.

"Si unipimie wewe, mke wangu, nijue mapema?"

"Maabara kwetu mtu hapimi wa kwake," alimjibu. Akampa mwenzetu chupa ya mkojo, akaenda kukaa kwenye benchi la korido pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine.

Safari moja kamera ndogo ya daktari ilipita kibofuni isione kitu, lakini mkojo ukaonyesha alama zilezile za uvimbe wa zamani. Tulijua kabla yake, na hatukuruhusiwa kumwambia. Siku hiyo kila mtu alikuwa na shughuli ghafla, macho chini. Aliingia chumba cha chai, akatumiminia sote, akasema taratibu, "Msinikwepe. Nyuso zenu nazisoma bila mashine. Nyamazeni hivyohivyo, daktari ndiye atakayesema." Kikombe chake hakukigusa.

Daktari hakukurupuka, maana kipimo hiki nacho si mtabiri. Alikirudia baada ya wiki chache. Alama zilikuwa zimeongezeka, na safari hii kamera ikakiona kidoa kidogo pembeni. Kikaondolewa kabla hakijaota mizizi. Majibu ya mkojo uliofuata yalipotoka safi, Mama Matone alijifungia stoo, akalia. Alipotoka alituuliza kwa ukali nani ameacha jokofu wazi. Jokofu lilikuwa limefungwa.

Mzee yupo nasi leo, mstari wa mbele, tai imemkaa vizuri. Hadi sasa majibu yake ni safi, na kauli yake ni ileile: "Mke wangu alinijua moyoni, nyinyi mkanijua hadi mkojoni."

Mama, wapo watu mjini wanaonunua mboga na kugombana na wajukuu wasijue kwamba wewe ndiye uliyeitunza damu yao ile siku ya hofu. Kwa niaba yao, na yetu sisi uliotulea, ahsante. Umesema sasa unataka kujifunza kuogelea. Tunakutakia afya, miaka mingi na mzee wako, na mwalimu wa kuogelea mwenye subira. Uvuliwe koti la maabara kwa heshima, uishi kwa raha.