Walisema Nimefuga Jini

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana, nawasalimu. Mwenyekiti wetu wa mtaa ameniomba nieleze kwa ufupi jinsi nilivyougua wasiwasi na jinsi nilivyopona. Ufupi mtanisamehe. Kwanza lazima mjue anayezungumza hapa ni nani.

Nimezaliwa kijijini Moa kwa watu wasio na kitu. Nimesoma huku nikibeba zege wakati wenzangu wako likizo. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu na viyoyozi sikuipata kwa mjomba wala kwa kujuana, niliipata kwa kichwa changu. Nilipokwenda Maskati sikwenda kufagia. Ilifika mahali mashine ikiwa na ugonjwa wa ajabu haifunguliwi mpaka nifike mimi. Nikarudi, nikajenga hapa Usagara, nikafungua karakana. Friji ikiwashinda mafundi wote wa mji huu, inaletwa kwangu. Hilo hata asiyenipenda hapa hawezi kubisha.

Nayasema haya msije mkadhani ugonjwa huu unawapata wanyonge tu. Ulinipata mimi.

Siku ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi, nafunga kiyoyozi kwenye hoteli moja. Kazi ya kawaida, ningeifanya huku nimefumba macho. Mara moyo ukaanza kwenda mbio kama mtu anayekimbizwa. Vidole vikafa ganzi. Kinywa kikakauka, jasho la baridi likanitoka, pumzi ikawa inaishia kooni. Nikasema basi, leo nakufa, tena kwenye ngazi ya watu. Nikashuka, nikakaa chini ya ukuta. Baada ya muda yote yakaondoka kama hayakuwapo.

Nikaenda hospitali. Wakanipima moyo, damu, kila kitu. Daktari kijana akaniambia, "Mzee wangu, moyo wako mzima kabisa." Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilikasirika. Mzima vipi, na mimi nimetaka kufa?

Ndugu zangu, nawaambia, dalili zilikuwa wazi, ila hakuna aliyewahi kunifundisha kuzisoma. Tumbo lilikuwa linachafuka kila asubuhi kabla sijafungua karakana. Shingo ngumu kama nimebeba gunia. Naamka taya zinauma, kumbe usingizini nasaga meno. Hayo ni ya mwili. Ya akilini yalikuwa mabaya zaidi. Simu ikiita tu, najua kuna aliyekufa, kwa sababu habari ya mama yangu niliipata hivyo hivyo, kwa simu, niko Maskati, na sikuwahi kumzika. Nafunga geti, narudi kuangalia kama nimelifunga, nakaa kidogo, narudi tena. Mtu ananieleza jambo, nusu yake siisikii. Mke wangu akiangusha kifuniko cha sufuria, nafoka kama amechoma nyumba.

"Baba watoto," aliniuliza siku moja, "hivi unagombana na mimi au na kifuniko?"

Nilikuwa nimeshampata mchawi wangu. Nilijua hii ni husda. Husda yenu. Msiangalie chini, nasema kweli. Nilijiambia: hawa hawakupenda nirudi, hawakupenda ghorofa, hawakupenda gari. Nikaacha kula kwenye shughuli zenu. Nikaacha kuja barazani kunywa kahawa, nikawa nachemsha yangu nyumbani, birika zima, nakunywa peke yangu mpaka mikono inatetemeka. Nikitetemeka nasema, mnaona, wameshaanza. Nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya, nikasomewa. Kusomewa kulinituliza, siwezi kusema uongo, lakini kesho yake birika liko mekoni na moyo uko mbio.

Hapo ndipo ikaja harusi ya binti yangu mkubwa.

Mimi dada zangu wote waliozwa na watu wengine, baba alikuwa ameshatangulia na mimi nilikuwa mdogo. Nikiwa Maskati niliapa: nikijaliwa mabinti, nitawaoza kwa mdomo wangu. Sitamwakilisha shehe wala ndugu aoze kwa niaba yangu. Nyumba nilijenga, gari nilinunua, lakini kitu nilichokuwa nakingoja kuliko vyote kilikuwa yale maneno machache.

Msikiti ulijaa. Bwana harusi akakaa mbele yangu na joho lake, tukashikana mikono. Shehe akasema, "Haya mzee, muoze." Nikafungua kinywa. Ulimi umenata juu. Kifua kimefunga. Naona midomo ya watu inacheza, sauti siisikii. Nikauvuta mkono wangu, nikasimama, nikatoka nje mbele ya wote, mpaka kwenye mabomba ya kutawadhia, nikajimwagia maji na kanzu yangu nyeupe.

Shehe akanifuata. Mungu amlipe, hakuniuliza maswali. "Ndugu yangu, unaniwakilisha nimuoze binti yako?" Nikaitikia kwa kichwa. "Sitaki kichwa, nataka mdomo." Nikasema, "Nimekuwakilisha." Ndivyo mwanangu alivyoolewa. Mimi niko bombani, nasikia watu ndani wanaitikia.

Sasa nije kwenu. Kabla pilau haijapakuliwa, mtaa mzima ulishajua. Mlisema jini langu limekataa msikiti! Ati nimelinunua Arabuni, nalilisha chumba cha juu, ndilo linalonipa wateja, na aya zilipolichoma likanitoa mbio. Kuna mama mmoja, na yupo hapa, alimwambia mke wangu sokoni, "Mwenzangu, wewe unalala vipi na kile kitu ndani?" Mke wangu akamjibu, "Kinakoroma tu, shoga, kama cha kwako." Leo mnacheka. Siku zile hamkucheka, mlivuka barabara. Wateja walikuja kuchukua mafriji yao hata hayajapona. Mimi nasema mna husda, nyinyi mnasema nina jini, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza: huyu mtu anaumwa nini?

Yenu ningeyabeba. Ambalo sikuweza kubeba lilitoka nyumbani. Binti yangu alikuja kunisalimia baada ya fungate, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. "Baba, kama ulikuwa humtaki mume wangu, ungeniambia mimi. Usingenivua nguo mbele ya wakwe." Nikamwambia simchukii mumewe. Akasema, "Basi ulikimbia nini?" Mtu mwenye stashahada, amekaa kwenye sofa lake, anahesabu maua ya zulia.

Mdogo wake alikuwa ameshachumbiwa. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akauliza taratibu, "Na mimi baba, nitaozwa na nani?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka hospitali mara ya pili. Mara hii mke wangu aliingia na mimi mpaka chumbani kwa daktari, akamwambia asinipime moyo, umeshapimwa, asikilize. Daktari alikuwa mama wa makamo. Akaniuliza nalala vipi, nakula vipi, nawaza nini simu ikiita, nakunywa kahawa kiasi gani. Nikamjibu. Mwisho akasema, "Baba, unaogopa."

"Mimi siogopi kitu," nikamwambia. "Muulize mtu yeyote Usagara."

"Wewe huogopi. Mwili wako unaogopa. Wenyewe umeshapiga mbio, na wewe bado unatafuta nani anakufukuza."

Akanieleza kwamba moyo kwenda mbio, ganzi, pumzi fupi, tumbo kuchafuka, yote ni mwili unajiandaa kukimbia hatari ambayo haipo. Halafu nikamwambia, daktari, hii mashine naijua. Kuna friji themostati yake inaharibika, ile swichi inayopima baridi. Ndani barafu imeshajaa, lakini swichi inadanganya kwamba kuna joto, basi kompresa, mota ya friji, inanguruma mchana kutwa mpaka inakaribia kuungua. Mwenye friji anakuja analia kompresa imekufa. Kumbe kompresa ni nzima, mbovu ni swichi! Daktari akacheka. "Nitawaeleza wagonjwa wengine hivyo hivyo." Nikamwambia, waeleze, ila useme ni maneno yangu.

Nilianza kwenda kwake mara kwa mara. Alinipa dawa kwa muda, lakini kazi kubwa ilikuwa kuzungumza. Kule nilimlia mama yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kahawa nikapunguza, nikagombana na birika kama nilivyogombana na kifuniko. Nikafundishwa kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, na kubwa zaidi, hofu ikija nisiikimbie. Niiite kwa jina lake. Haya, moyo umeanza, vidole vinafuata, sasa kinywa kitakauka. Kitu ukishajua kinachofuata, nguvu yake inapungua. Haikuondoka siku moja. Bado inanitembelea.

Ilinitembelea siku ya harusi ya binti mdogo. Mlijaa kuliko mara ya kwanza, na najua mlikuja kumtazama nani. Wengine mlikaa karibu na mlango ili mnione vizuri nikitoka. Nikaushika mkono wa bwana harusi. Moyo ukaanza. Nikauambia, nimekuona. Vidole vikafuata. Nikatoa pumzi taratibu, shehe akasubiri, nyinyi mkasubiri.

Ndipo nikagundua kwamba mkono niliokuwa nimeushika umelowa jasho kuliko wangu. Nikamtazama kijana. Midomo imekauka, macho yanatafuta mlango. Zile dalili nazijua kama ninavyojua sauti ya kompresa. Nikainama, nikamwambia, "Toa pumzi polepole mwanangu. Hii haiui. Na mimi ninayo." Akatoa pumzi. Nikatoa na mimi. Nikamuoza binti yangu kwa mdomo wangu, kila neno, na kijana akakubali kwa sauti iliyofika barabarani.

Namshukuru mke wangu, aliyesema sokoni nisichoweza kusema. Namshukuru shehe, na yule mama daktari. Binti yangu mkubwa alinisikiliza nilipomweleza nilikimbia nini, naye namshukuru, ingawa harusi yake ilishapita na hairudi tena. Hilo bado linaniuma, na nyinyi mlichangia.

Moyo ukikwenda mbio, kapimwe kwanza, usije ukapuuza ugonjwa wa kweli. Ukiambiwa mzima, usikasirike kama mimi, omba wakuangalie na hofu. Na siku mkimwona mtu mwingine anatoka mbio msikitini, au kanisani, msirudi nyumbani kuulizana anafuga nini. Mfuateni mpaka bombani.