Kofi Nililompiga Binti Yangu Sikioni

Assalamu aleykum, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokaa kule nyuma. Mmeniomba nisimame kwa kuwa mmesikia binti yangu siku hizi anasoma vizuri. Nimesimama, lakini msidhani nimekuja kujisifu. Mtoto wangu aliumizwa, na aliyemuumiza ni mimi.

Nauza maziwa ya ngamia sokoni hapa Garissa, nakaa mtaa wa Galbet. Binti huyu ni wa tatu kuzaliwa. Tangu alipokuwa na miaka minne hivi, kila akishikwa na mafua, masikio yake yalitoa maji, halafu usaha. Nikafanya nililoona likifanywa kijijini kwetu, Hadado: nikapasha samli moto, nikammiminia sikioni. Alilia, nikamshika kichwa kwa nguvu asitikisike. Usaha ukakauka wiki moja, ukarudi. Nikasema akikua utaisha.

Haukuisha. Duksi, kule anakosoma Kurani, wenzake wakawa wanamkimbia kwa sababu ya harufu. Nami nikawa naona jambo jingine. Nikimwita, haitiki. Nikimtuma birika, analeta beseni. Nikasema ana kiburi. Ndugu zangu, nawaambia, miaka mitatu nilimwita mtoto wangu mkaidi mbele ya majirani, na kumbe hasikii.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya swala ya Alasiri. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, mimi na mitungi yangu, yeye hatua chache mbele. Alikuwa na miaka tisa. Tuktuk ikaja nyuma yake ikipiga honi. Nikapiga kelele, "Toka! Toka barabarani!" Hakugeuka hata shingo. Dereva akakwepa, akazama kwenye mchanga, akanifokea, "Mama, huyu mtoto wako hana masikio?"

Watu wakasimama kutazama. Nilikuwa na hofu, lakini wallahi sitawadanganya, aibu ndiyo iliyonisukuma. Nilimfikia, nikamgeuza, nikampiga kofi kwa nguvu zangu zote. Likatua kwenye sikio la kushoto.

Hakulia. Alitafuta ukuta ashike. Alipojaribu kutembea aliyumba kama mwana-mbuzi aliyezaliwa leo, akaketi chini, akatapika. Damu kidogo ikamtoka sikioni.

Hospitalini tulimkuta daktari mwanamke, mtulivu. Akauliza, "Amepatwa na nini?"

Nikasema, "Alianguka."

Akainama karibu na uso wa mtoto, akamuuliza kwa sauti kubwa, "Ulianguka?"

Binti yangu akanitazama mdomo, kisha macho, akasema, "Ndiyo. Nilianguka."

Jamani. Mtoto niliyemwita mkaidi alinitii katika uongo, damu yake haijakauka.

Daktari akammulika masikio yote mawili kwa kifaa chenye taa. Kisha akachukua sikio la plastiki lililokuwa mezani, akalifungua kama tunavyofungua tikiti. "Hili la nje linakusanya sauti tu," akasema. "Sauti inapita kwenye tundu hadi hapa, kwenye ngoma. Ni ngozi nyembamba sana. Ikitikisika, inasukuma mifupa mitatu midogo, huu wa mwisho haufiki punje ya mchele. Mifupa nayo inatikisa maji yaliyo ndani ya kitu hiki kama konokono, na hapo ndipo habari inapokwenda kwenye ubongo." Akanionyesha pia mrija unaotoka nyuma ya ngoma kwenda kooni. Kwa watoto ni mfupi, ndiyo sababu mafua yanapanda sikioni upesi.

Nikauliza, "Na mbona hawezi kusimama?"

"Kando ya konokono kuna mirija mingine mitatu yenye maji. Hiyo ndiyo inayomwambia mtu kama yuko wima. Imetikiswa." Akaliweka lile sikio chini. "Mama, ngoma ya sikio la kulia ina tundu la zamani, usaha umeitoboa. La kushoto ndilo lililokuwa linamsaidia. Sasa nalo ngoma yake ina tundu jipya, na mimi sioni alama ya kuanguka."

Hakunifokea. Angenifokea ningejitetea. Nikasema, "Ni mimi. Nilimpiga."

Akanijibu, "Asante kwa kuniambia. Tutamtibu. Na mtu wa ustawi wa watoto atazungumza nawe, usimkimbie." Sikumkimbia.

Kizunguzungu kilimwisha baada ya siku kadhaa, siku ambazo nilimshika mkono hata akienda msalani. Tukaweka dawa, tukazuia maji yasiingie. Baada ya miezi miwili tundu la ngoma ya kushoto lilikuwa limeziba, alhamdulillahi. La kulia lilikauka, lakini usikivu wake haukurudi wote. Upande huo sasa anavaa kifaa cha kumsaidia kusikia.

Siku alipovalishwa kifaa nilimwomba msamaha. Nilikaa mbele yake ili anione mdomo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hooyo, mama yangu, nilikuwa naona mdomo wako umekasirika. Sikujua umekasirikia nini."

Nimesamehewa na mtoto. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe, na pengine ni heri.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mwalimu wa duksi aliyemhamishia safu ya mbele bila kuombwa, na nyinyi wa kikundi hiki cha wazazi mnaoisikia habari hii leo na bado mmeniachia kiti. Ninalowaachia ni dogo: mtoto asipoitika, mwendee, mtazame uso, kabla hujampa jina baya. Sikio likitoa usaha, usimimine kitu. Mpeleke akapimwe.

Na kama kuna mama hapa ambaye ameficha jambo kama langu, kliniki ya masikio ni Jumanne. Nitakungoja langoni mwa hospitali, tuingie pamoja. Kama unaogopa kuulizwa, keti karibu nami. Mimi nilishaulizwa.